Mwaka wa Marinda

Tomoe Sekiguchi aliliandika jina la binti yake kwenye daftari la saluni kabla hajamuuliza. Sherehe ya vijana waliotimiza miaka ishirini ilikuwa Jumatatu ya pili ya Januari. Wasichana wa mji mzima wangevaa kimono za mikono mirefu inayokaribia kugusa ardhi, na wengi wao wangevalishwa na Tomoe. Nafasi ya tatu, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri: Nagisa. Aliandika kwa wino, maana penseli hufutika.

Alimwambia jioni ileile, mwanzoni mwa Desemba, wakiwa wanne mezani. Walikuwa yeye, mumewe Shigeo anayeendesha lori la mitungi ya gesi, mama mkwe wake Hatsue mwenye miaka themanini na nne, na Nagisa mwenyewe, ambaye gauni lake la rangi ya maziwa lilikuwa na marinda mengi kiasi kwamba upande mzima wa meza ulikuwa wake peke yake.

"Kimono yangu nimeianika juzi," Tomoe alisema. "Haina hata doa. Uko nafasi ya tatu, kwa hiyo siku hiyo ulale mapema."

"Nafasi ya tatu ya nini, mama?"

"Ya kuvalishwa. Ya nini tena?"

Nagisa aliweka vijiti chini. "Si nilikwambia tangu kiangazi? Siku hiyo naenda na nguo zangu. Ndiyo siku mwaka wangu unatimia."

"Nguo zako zipi? Hizo za keki?"

"Za mtindo wa lolita, mama. Zina jina."

"Hata mafua yana jina."

Bibi Hatsue alicheka puani, kisha akajifanya anakohoa. Shigeo aliinama zaidi juu ya bakuli lake la tambi pana, kama mtu anayejikinga na mvua.

"Sikiliza," Tomoe aliendelea. "Mimi ni mvalishaji. Miaka kumi na tisa akina mama wa mji huu wananiletea mabinti wao kwa sababu mshipi nikiufunga asubuhi haulegei mpaka usiku. Halafu binti yangu mimi aingie ukumbini na gaguro na utepe kichwani? Nitakuwa daktari wa meno mwenye mapengo."

"Basi siendi."

Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akayakusanya marinda yake kwa mikono miwili yasipindue mchuzi, akapanda ngazi. Mlango wa juu ukafungwa polepole, na upole huo ndio uliowatia hofu wote watatu. Kwa miezi kumi na minne, hadi Januari iliyopita, mlango ule ulikuwa ukifungwa hivyohivyo. Tomoe alikuwa akiacha sinia la chakula nje yake asubuhi na jioni, halafu anarudi kulichukua. Sauti ya mwanawe katika miezi yote hiyo aliisikia mara tano tu.

"Umeusikia?" Shigeo aliuliza.

"Nina masikio."

"Mimi mlango ule sitaki kuusikia tena, Tomoe. Nguo ni nguo."

"Ni rahisi kwako. Wateja wako ni mitungi."

*

Mwaka wenyewe ulianza na taka. Asubuhi ya sherehe ya mwaka uliotangulia, Nagisa aliwaona kutoka dirishani mwake wasichana waliomzidi mwaka mmoja wakipita na kimono zao, akajua kwamba zamu inayofuata ni yake na kwamba hataweza hata kufika lango la nyumba. Kesho yake akavaa gauni la mitumba alilokuwa ameliagiza kwa simu, lenye lesi mpaka kwenye vifundo vya mikono. Akateremka ngazi, akauchukua mfuko wa taka uliokuwa mlangoni, na kuupeleka kituo cha taka cha mtaa. Akaufunika kwa wavu wa kuzuia kunguru, akarudi. Ilikuwa hatua mia moja na ishirini kwenda na kurudi. Akamwambia bibi yake kwamba ndani ya nguo ile hakuogopa. Watu walilitazama gauni, hawakumtazama yeye. Angevaa nguo za namna ile mwaka mzima, kila siku, na kila siku angetoka.

Siku ile Tomoe alilia kwa furaha mbele ya jiko, supu ya miso ikachemka mpaka ikamwagika. Lakini siku ya pili ya taka jirani alimsimamisha. "Binti yenu kapata kazi kwenye maduka ya peremende?" aliuliza, kwa tabasamu lile la watu wa mtaani linaloingia kama mwiba wa samaki. Tomoe akacheka naye. Aliporudi nyumbani akamwambia Nagisa, "Kuanzia leo taka nitatoa mimi. Wewe una mambo yako."

Nagisa alielewa. Alianza kutokea mlango wa nyuma. Hata hivyo alitoka: duka la vitabu, maktaba, stesheni, Tokyo kunywa chai na wasichana waliovaa kama yeye. Kufikia majira ya kupukutika majani alikuwa anafanya kazi siku tatu kwa wiki katika kiwanda kidogo cha lesi pembezoni mwa mji, kukagua matundu yasiyotakiwa. Alikuwa ameingia pale kuomba mabaki tu, na mzee mwenye kiwanda alipotazama mshono wa mkono wake akamuuliza, "Unaweza kuja Jumanne?"

*

Wiki ya pili ya Desemba, Bi. Tsukui alileta kimono ya binti yake saluni ipigwe pasi. Bi. Tsukui alikuwa mke wa mwenye hoteli, anatoka ng'ambo ya mto, na alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa apunguze.

"Mwalimu Kuroiwa," alimwambia mwenye saluni, mwanamke mwembamba wa miaka sabini ambaye ndiye aliyemfundisha Tomoe kazi, "jana stesheni nimeona kioja. Msichana mzima, na kimwamvuli cha lesi, na sketi imevimba kama taa ya karatasi. Jua lenyewe hakuna! Nikajiuliza, mama yake kipofu?"

Wateja wawili waliokuwa chini ya mashine za nywele walicheka.

"Dereva wa teksi akaniambia ni wa ukoo wa Sekiguchi," Bi. Tsukui aliendelea, akamgeukia Tomoe. "Si wako lakini, eti?"

Tomoe alikuwa amepiga magoti, anaikunja kimono kufuata mistari yake. Mikono haikusimama.

"Ni mpwa wa mume wangu," alisema. "Amekuja kukaa kwetu kwa muda."

"Nilijua tu. Wewe usingekubali."

Mwalimu Kuroiwa alikuwa amemjua Nagisa tangu akiwa tumboni. Alimtazama Tomoe kidogo, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai.

*

Nyumbani, Nagisa aliendelea kwenda kazini, lakini chakula alirudi kulia chumbani. Mlango wake ulifunguka kwa mtu mmoja tu. Kila alasiri, Tomoe akiwa saluni, Bibi Hatsue alipanda ngazi ameshika ukuta, ukungu wa mtoto wa jicho umemzibia macho yote mawili hata uso wa mtu aliuona kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke. Daktari alikuwa amempangia upasuaji mwezi wa Februari.

Siku ya kwanza alipanda na furushi kifuani.

"Shika. Kitambaa hiki nilikifuma mwenyewe kwenye kiwanda cha hariri, mwaka niliofunga harusi. Mkubwa wa kiwanda alinipa kama zawadi, maana nilikuwa nafuma mara mbili ya wenzangu. Zambarau bado?"

"Bado, bibi. Zambarau na korongo weupe."

"Basi fumua."

"Bibi! Ni kimono yako."

"Mimi nitaivaa wapi? Kwa daktari wa macho? Kimono imeundwa kwa vipande vilivyonyooka, ukifumua inarudi kuwa kitambaa. Ndiyo akili yake. Mama yako anataka uvae kimono, wewe unataka marinda. Shona kitu ambacho mtu akikitazama hajui aseme nini."

Walifumua pamoja, bibi kwa vidole, mjukuu kwa macho. Kwenye kitambaa kile Nagisa alishona sketi yenye tabaka tatu za marinda, na blauzi yenye ukosi wa kimono, ukingo wake umezungushiwa lesi nyeupe ya kiwandani kwao, vipande alivyopewa na mzee kwa sababu vilikuwa na kasoro ya tundu moja moja. Kila tundu alilizibia ua dogo la uzi. Ilimchukua wiki tatu. Hakuna fundi wa mji ule ambaye angeuonea aibu mshono wake.

Kosa liliingia mahali asipopafikiria. Blauzi zake zote alizishona kwa kiolezo kimoja, nazo, kama blauzi zote za kike, hufungwa upande wa kulia juu ya kushoto. Hii pia aliishona hivyo, na lesi akaiweka kwenye ukingo wa kulia. Lakini kimono hufungwa kushoto juu ya kulia. Anayefungwa kulia juu ni maiti peke yake, siku ya kulazwa ndani ya jeneza. Nagisa alilijua hilo, kama kila mtoto wa Kijapani anavyolijua. Ndiyo maana alisimama mbele ya kioo na picha ya mama yake ya ujana mkononi, mama yake wa miaka ishirini ndani ya kimono, akalinganisha. Vilifanana kabisa. Hakukumbuka kwamba kioo hugeuza.

"Imekaaje, bibi?"

Hatsue alipapasa mabega, akapapasa marinda, akanusa kitambaa. "Imekaa. Ningekuwa na macho ningelia."

*

Siku ya sherehe Tomoe alifika saluni saa tisa na nusu usiku, mkononi amebeba kifurushi cha karatasi chenye kimono yake mwenyewe. Alikitundika nyuma, mahali ambapo angeweza kukiona. Saa kumi wasichana walianza kuingia wakipiga miayo, nywele zimesukwa na kupambwa maua, mama zao nyuma yao na mifuko. Tomoe alivalisha wa kwanza, akavalisha wa pili. Kamba ya kiunoni, nyoosha, kunja, kamba ya kifuani, pumua, mshipi, vuta. Saa kumi na moja na dakika arobaini ilifika. Mlango haukufunguka. Alingoja dakika kumi, akakata jina kwa mstari mmoja.

"Aingie anayefuata," alisema.

"Unaweza kumpigia simu," Mwalimu Kuroiwa alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ana miaka ishirini. Aje mwenyewe."

Lakini kila alipofunga mshipi masikio yake yalikuwa nyumbani, kwenye mlango wa juu. Alipoondoka, taa ya chumba kile ilikuwa imezimwa. Labda amelala. Labda kesho kutakuwa na sinia tena nje ya mlango, na keshokutwa, na safari hii nani atakayemtoa? Mimi niliyeandika kwa wino?

Saa tatu na nusu asubuhi saluni ilikuwa bado na watu saba. Bi. Tsukui alikuwa amemrudisha binti yake kurekebishiwa maua ya nywele. Upepo mkavu wa mlimani ulikuwa ukitikisa vioo. Lori la gesi lilisimama mbele ya mlango, mitungi ikagongana, na Nagisa akashuka. Alikuwa amejifunika shali nzito ya bibi yake kuanzia shingoni mpaka kwenye magoti. Baba yake alibaki kwenye usukani, ameshika mwamvuli wa lesi mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Nagisa aliingia. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Habari za asubuhi," aliwaambia wote, akainama. Kisha akasema, "Mama, nimekuja unione kabla sijaenda."

Akavua shali.

Kwanza zilionekana rangi tu, zambarau na korongo weupe juu ya marinda, na mtu mmoja akasema "Ala!" kwa uzuri wake. Kisha macho yakapanda kifuani.

"Jamani," Bi. Tsukui alisema. "Mbona amefungwa kama maiti?"

Nagisa aliangalia kifua chake. Alikiona bila kioo, kwa mara ya kwanza. Mkono wake ukaenda shingoni, ukaenda kwenye shali, na mguu ukarudi nyuma kuelekea mlangoni. Binti wa Bi. Tsukui alifunika mdomo kwa mkono wa kimono yake. Mwingine aliinua simu.

Tomoe aliiona ile hatua moja ya kurudi nyuma, na akajua inakoishia. Inaishia juu ya ngazi.

"Usiufungue mlango huo," alisema. "Na wewe binti, weka simu chini, hapa siyo bustani ya wanyama. Nagisa, njoo hapa kwenye mkeka."

"Mama, sikujua. Niliangalia kwenye kioo, nikalinganisha na picha yako..."

"Kioo hudanganya wavalishaji wa miaka kumi kazini, sembuse wewe. Njoo. Mwalimu, nisaidie kufumua lesi hii ihamie kushoto."

Mwalimu Kuroiwa alikuwa ameshapiga magoti na mkasi mdogo mkononi.

"Subiri kidogo," Bi. Tsukui alisema. "Si ulisema huyu ni mpwa?"

Kichwa cha Nagisa kiligeuka polepole. Tomoe alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Nilisema uongo," alisema. "Ni binti yangu. Wa kumzaa, mmoja tu."

Bi. Tsukui alifungua mkoba wake, akautazama ndani, akaufunga.

"Mpwa, mama?" Nagisa aliuliza, sauti ndogo.

"Nilikuonea haya. Inua mkono."

Nagisa aliuinua. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayajadondoka. Alijua yakidondoka yatalowesha hariri.

"Bado unanionea haya?"

"Saa hizi nina pini mkononi, sina nafasi. Inua na wa pili." Kisha, bila kumtazama usoni, "Hapana. Nilikuwa naogopa nitaurudia mlango ule na sinia. Hilo tu ndilo nililokuwa naogopa tangu alfajiri."

Alivifungua vifungo vyote sita. "Hivi tuviache. Kimono haihitaji vifungo, inahitaji kamba." Akakunja upande wa kulia ndani, wa kushoto juu, akapitisha kamba, akavuta mpaka Nagisa akatoa pumzi. Mwalimu Kuroiwa alishonea lesi mahali pake papya kwa mishono mirefu ya haraka, ya kutosha siku moja. Ilipokuwa inapita mikononi mwa Tomoe, aliyaona yale maua madogo ya uzi. Akalisogeza moja karibu na macho.

"Nani kaziba hivi?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yapo arobaini na mbili."

Tomoe aligusa kitambaa chenyewe kwa gumba, akakipeleka huku na huku kwenye mwanga.

"Hiki ni cha mama mkwe," alisema. "Kikongwe yule! Ndiyo maana jana alikuwa anacheka peke yake bafuni."

Mtu mmoja alicheka, safari hii bila mwiba. Tomoe akaenda nyuma, akakifungua kile kifurushi cha karatasi. Watu walidhani analeta kimono. Alichukua kamba nyekundu ya hariri tu, ile inayofungwa juu ya mshipi, akarudi nayo. Aliifunga kiunoni mwa binti yake juu ya zile tabaka za marinda, fundo la kati, ncha mbili zikitazama juu, kama zinavyofungwa siku ya heri.

"Hiyo haitalegea mpaka usiku," alisema.

Mwalimu Kuroiwa alisimama kwa kujishika magoti, akarudi hatua mbili, akafumba jicho moja. "Sijawahi kuvalisha kitu cha namna hii," alisema. "Geuka, mjukuu wangu. Aha. Sijui niseme nini."

Nagisa alicheka. "Bibi alisema itakuwa hivyo."

Nje, Shigeo aliruka kutoka kwenye lori, akafungua mwamvuli wa lesi juu ya kichwa cha binti yake. Upepo ukaupindua mara moja, akaugeuza, ukaupindua tena. Mwaka mzima alikuwa akitembea hatua kumi nyuma ya Nagisa, anajifanya anaangalia simu. Sasa alikuwa bega kwa bega naye, katika sare ya kazi, anapigana na mwamvuli, na watu wa kituo cha basi wote wanatazama.

Tomoe aliwafuata hadi ukingoni mwa barabara bila koti.

"Mama!" Nagisa aligeuka. "Mwaka umetimia leo. Kesho nivae nini?"

"Kesho ni Jumanne," Tomoe alisema. "Siku ya taka. Vaa unachotaka, ila mfuko utaupeleka wewe. Na utokee mlango wa mbele."